Barua ya Bibi Joan Aldwark

Nilidanganya katika ukurasa wa mia nne na tisini na mbili. Kurasa zilizotangulia nazo ni za kubuni, lakini ule ni uongo halali, ndiyo kazi yangu, na msomaji amekichukua kitabu akijua. Ukurasa wa mwisho ni kitu kingine. Sisi tunaoandika riwaya za wafalme wa zamani, za watu wa York na watu wa Lancaster walivyochinjana kwa ajili ya kiti kimoja, tuna desturi yetu. Hadithi ikiisha, mwandishi anageuka, anamtazama msomaji usoni na kuungama. Huyu mtoto nimemwongeza. Yule askofu alikuwa mnene, mimi nimemkondesha. Hii ndoa ilifungwa kweli. Tunaliita Neno la Mwandishi, na wasomaji wetu, wengi wao wastaafu wenye miwani na hasira za karibu, hulisoma hilo kabla ya sura ya kwanza. Ukitaka kudanganya, danganya kwingine kote. Hapo hapaguswi. Mimi nilipagusa.

Naitwa Hester Thackray, nina miaka sitini na mmoja, na nimeishi Skelby, Yorkshire, tangu nizaliwe. Nina ulimi mkali. Waulize wenzangu, waulize waume zangu wawili wa zamani. Sijawahi kukosa la kusema mbele ya mtu, na nilikuwa najisifia hilo kama mpumbavu.

Kanisani kwetu kuna kaburi la Sir Gervase Aldwark. Amelala chali juu ya jiwe, mikono kifuani, mbwa miguuni, na hana uso. Inasemekana katika lile pigano la Jumapili ya Matawi ya mwaka 1461, theluji ikianguka, Gervase alikuwa analinda daraja kwa ajili ya Lancaster, na asubuhi akawafungulia njia watu wa York. Mtawa mmoja aliandika maneno mawili tu: Gervase aligeuka. Maneno mawili! Kwa maneno hayo watu wa Skelby, kila Jumapili ya Matawi wakitoka ibadani, humzaba kofi. Babu zetu walimzaba. Mama yangu alimzaba akiwa amevaa glovu zake nyeupe. Mimi nilinyanyuliwa juu nikiwa na miaka mitatu, nikamzaba, watu wakanishangilia. Miaka mia tano na sitini ya makofi, jiwe gani litabaki na pua?

Mtu mmoja tu Skelby alikataa kumpiga, naye ni Wilfred Ogden. Mzee Wilfred alifanya kazi ya kuongoza ishara za treni maisha yake yote, peke yake katika kile kibanda cha juu, na kati ya treni moja na nyingine alisoma. Alisoma hati za mahakama za kale, orodha za askari, wosia za watu waliokufa zamani, mpaka akaamini kwamba Gervase alisingiziwa. Akaanzisha Chama cha Kumtetea Sir Gervase. Kilikuwa na wanachama ishirini na watatu, na kwa kweli nusu yao walifuata keki za mkewe, Mavis. Chama kilikuwa na jarida, na ndani ya jarida hilo mzee aliwahi kuomba radhi, kwa herufi nzito, kwa sababu toleo lililopita aliandika kwamba kikao fulani cha mwaka 1459 kilifanyika Jumanne, kumbe kilikuwa Jumatano. Hakuna binadamu mwingine duniani aliyeliona kosa hilo. Yeye hakulala.

Mimi nilimcheka. Tulimcheka wote. Halafu nikafika kwenye riwaya yangu ya tano sina mtu wa kumwandika, nikamchukua Gervase wake.

Nikampa mke. Joan yuko katika daftari la kanisa, jina tu, hana zaidi. Nikamfanya Joan aandike barua kwa dada yake: mume wangu hakuwa darajani, watu wake mwenyewe walimfunga kamba tangu Ijumaa, wakamfungulia adui kwa jina lake. Niliiandika jikoni, nina mafua, birika linachemka. Ilikuwa barua tamu, sitaki kujifanya mnyenyekevu. Mhariri wangu, Philippa, akapiga simu kutoka London.

"Hester, mpenzi, nimelia. Nimelia ofisini mbele za watu. Niambie ni ya kweli."

Ningesema hapana. Ni neno dogo tu, hata mtoto analijua. Lakini riwaya nne za kwanza hakuna aliyezililia ila mimi mwenyewe, na sasa kuna mtu amelia.

"Ipo," nikasema.

"Iko wapi?"

"Kwenye nyumba ya watu. Hawapendi kutajwa."

"Jamani! Liandike hilo kwenye Neno la Mwandishi. Liandike hivyohivyo."

Nikaliandika hivyohivyo. Niliandika kwamba barua ya Bibi Joan ipo, kwamba nimeishika kwa mikono yangu, kwamba karatasi yake ilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Hilo la ulaini nililiongeza bila kuombwa na mtu. Ndivyo nilivyo, nikitia chumvi siachi mpaka kisahani kiwe kitupu.

Kitabu kikaenda vizuri. Kisha wakakifanya tamthilia ya televisheni, vipindi sita vya Jumapili jioni, na katika kipindi cha tano Joan akakaa dirishani, theluji nje, akaandika ile barua huku mshumaa ukidondoka na kuunguza pembe ya karatasi. Uingereza nzima ilitoa leso. Kesho yake nilikwenda kutengeneza nywele kwa Doreen, nikamkuta macho yamemvimba.

"Wewe mwanamke una roho gani?" akaniambia, kaniinamishia kichwa kwenye beseni. "Nimelia mpaka mume wangu akadhani mama kafa. Na miaka yote hii tulikuwa tunampiga makofi maskini ya Mungu!"

"Ni tamthilia tu, Doreen."

"Tamthilia wapi! Si umesema mwenyewe barua umeishika?"

Nikafumba macho nikasingizia povu la sabuni.

Jumapili ya Matawi iliyofuata, hakuna aliyempiga Gervase. Watu walipita mmojammoja wakaweka mkono juu ya lile jiwe taratibu, kama unavyomgusa mgonjwa. Wageni walikuja kwa mabasi na mawaridi meupe, ambayo ni maua ya York, ya adui zake, na Mzee Wilfred alikuwa anazunguka nyuma yao akiyatoa kimyakimya na kuweka mekundu ya Lancaster, asimwudhi mtu. Alikuwa analia waziwazi. Mavis alikuwa ameshafariki miezi mitatu kabla. Aliponiona, alinishika mikono yote miwili akaitikisa na kuitikisa. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Lakini pia, niseme kweli, nilijiambia: tazama, si umefanya wema? Nani kaumia? Hilo wazo lilinipa usingizi kwa miezi kadhaa.

Kisha mzee akaamua kuweka kibao.

Kibao kidogo cha shaba, ukutani juu ya kaburi, kisomeke kwamba Sir Gervase Aldwark hakuwa msaliti. Sasa kwetu huwezi kupigilia hata msumari katika ukuta wa kanisa bila ruhusa ya dayosisi, na mtu akipinga, jambo linakwenda kwenye mahakama ya dayosisi. Jaji anakuja na wigi lake la singa za farasi, wanamwekea meza ndani ya kanisa lenyewe, na watu wanaapa kwa Biblia kwa ajili ya kibao kisichozidi ukubwa wa sinia. Na mtu akapinga. Dkt. Tamsin Rudge, mwanahistoria wa chuo kikuu kimoja, mwanamke kijana, mpole, ana mwandiko mzuri. Ninaujua mwandiko wake kwa sababu aliniandikia mara mbili kuuliza nyumba gani, kabati gani, barua ya tarehe gani. Barua zake zote mbili nikazitia kwenye droo ya vijiko. Jaji naye akaniandikia kuniomba nije kutoa ushahidi. Nikamjibu kwamba mkataba wangu na wachapishaji unanikataza. Mkataba wangu haunikatazi chochote.

Jumanne, siku mbili kabla ya kesi, nilikwenda nyumbani kwa Mzee Wilfred kumwambia. Nilikuwa nimeazimia. Njia nzima nilikuwa narudia sentensi moja: barua haipo, niliitunga, nisamehe. Maneno manne mbele ya mzee mmoja, basi.

"Karibu, karibu, Bi Hester. Futa viatu tu, usivivue, zulia lenyewe limechoka kuliko mimi."

Chumba chake kilikuwa mafaili mpaka darini. Suti yake ilikuwa imeninginia mlangoni, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Mezani alikuwa ameandaa chai na keki ya tangawizi, ameoka mwenyewe kwa maandishi ya Mavis, na katikati ilikuwa imebonyea. Dirishani kulikuwa na kiti cha Mavis ambacho Skelby yote inajua hakikaliwi.

"Kaa hapo," akasema.

"Hapana, mzee, nitakaa hapa kwenye stuli."

"Kaa hapo, bibie. Wewe ndiye utakayekaa hapo."

Nikakaa. Akanimiminia chai, akaniangalia mpaka nikaonja.

"Siku mbili kabla hajaondoka nilimsomea kitabu chako," akasema. "Si chote, hakuwa na nguvu. Nilimsomea ile barua, na lile neno lako la mwisho, pale unaposema umeishika. Alifumba macho, nikadhani kalala. Kisha akasema, 'Wilf, kumbe hukuwa mwehu.'" Akacheka, akajifuta pua. "Miaka hamsini na saba ya ndoa. Hakuwahi kuniambia alikuwa ananiona mwehu!"

Nikaweka kikombe chini.

"Mzee Wilfred. Kuhusu hiyo barua."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua huyo Dkt. Rudge anakusumbua. Kakuandikia mara mbili, sivyo? Usimjibu! Umewaahidi wenye nyumba, na wewe si mtu wa kuvunja ahadi. Mimi nitamwambia jaji hivi: Bi Hester Thackray amesema ameiona, na mimi Bi Hester namjua."

"Hunijui hivyo."

"Nisikujue? Ulipokuwa na miaka tisa uliiba matofaa yangu, kapu zima. Jioni ukaja mwenyewe mlangoni, kamasi zinakutoka, ukasema, 'Bwana Ogden, ni mimi.' Nilimwambia Mavis, yule mtoto atakuwa mtu."

Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa kubwa kama lango. Badala yake nikasema keki nzuri, na kuthibitisha nikala vipande viwili. Mtu roho inamsuta na bado anatafuna! Alinisindikiza mpaka getini akanifungia kifungo cha juu cha koti kwa sababu ya upepo, na mimi nikarudi nyumbani nikakaa kwenye ngazi bila kuvua hilo koti. Nilijichukia. Lakini kujichukia ni rahisi, mtu anaweza kujichukia huku amekaa tu.

Alhamisi saa nne asubuhi kanisa lilijaa. Chama kilikuwa kimekua, wanachama mia sita sasa kwa sababu ya tamthilia, wengine wamevaa waridi jekundu la kitambaa kifuani. Mimi nilikaa benchi la tatu. Mzee Wilfred aliapa, akasimama saa nzima akieleza kila hati aliyowahi kuisoma, akisema "inawezekana" kila mahali panapostahili "inawezekana." Alipofika kwenye barua alisema tu kwamba yeye hajaipata, ila mwandishi anayemwamini ameishika. Jaji, mama mmoja wa makamo mwenye uso wa kuchoka, aliandika.

Kisha Dkt. Rudge akasimama. Nilitaka awe na kiburi ili nimchukie. Hakuwa nacho.

"Mheshimiwa Jaji, Bwana Ogden ni mtafiti mwaminifu kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi hii. Ukiondoa barua, hoja zake zinatia shaka juu ya yule mtawa, lakini shaka haitoshi kuandikwa kwenye shaba. Kila kitu kinasimama juu ya barua. Na mimi nimetafuta barua hiyo miezi kumi na minne. Lugha yake si ya wakati ule. Nasikitika kusema hili mbele yake, lakini naamini Bi Thackray aliitunga."

Kanisa lililipuka. "Aibu!" mtu akapiga kelele nyuma. "Aibu!" wakaitikia, wanaume kwa wanawake, Doreen juu ya wote, wanagonga mabenchi. "Aibu! Aibu!" Walikuwa wanamzomea yule binti msema kweli, na kila neno lilikuwa linanipata mimi. Jaji akagonga meza. Kimya kiliporudi niliona kwamba vichwa vyote vimenigeukia, wanangoja nisimame. Hester Thackray, ulimi wa wembe, atukanwe kanisani kwao na anyamaze? Niliinamisha macho kwenye kitabu cha nyimbo. Nilisoma wimbo mmoja wa mavuno, beti zote nne.

Nilipoinua kichwa, Mzee Wilfred alikuwa ananitazama. Alinitazama muda mrefu, kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake kabanwa na ahadi asiyoweza kuivunja. Kisha akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kuongeza."

"Bado uko chini ya kiapo, Bwana Ogden."

"Najua, Mheshimiwa. Barua ipo. Mimi nimeiona."

Vichwa vyote vikamgeukia yeye.

"Umeiona kwa macho yako?" jaji akauliza. "Mbona hukusema mwanzo?"

"Niliahidi kunyamaza. Bi Hester alinipeleka, kabla ya Krismasi. Lakini siwezi kukaa nikisikia mtu anaitwa mwongo bila kosa. Tumemfanyia hivyo mwenzetu mmoja hapa kwa miaka mia tano." Alikuwa mweupe kama karatasi. "Ni ndogo, kama kiganja. Wino umekuwa wa kahawia. Na pembe moja imeungua, chini, mkono wa kulia. Nadhani ni mshumaa."

Pembe iliyoungua. Pembe ile waliiunguza mafundi wa televisheni, mimi nilikuwepo, waliunguza karatasi kumi na moja kabla hawajaridhika. Katika kitabu changu hakuna mshumaa. Nikamtazama Dkt. Rudge, nikaona kwamba na yeye ameitazama tamthilia, na ameelewa. Alikuwa na kalamu mkononi. Ilimtosha kuuliza swali moja tu amvue nguo yule mzee mbele ya watu mia tatu. Alifunga kalamu.

"Sina swali, Mheshimiwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Jaji akatoa mapumziko ya dakika ishirini. Akina mama wa kanisa walikuwa wanagawa chai mlangoni. Watu walimpiga mzee mabegani, wakamwita shujaa, akawapita wote na kikombe chake mkononi mpaka akanifikia mimi nje barazani, kwenye baridi.

"Nimeapa uongo, Hester," akaninong'oneza. Hakuniita Bi. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayejishangaa. "Umri huu! Lakini sikiliza, nimefikiria. Nipeleke leo. Tukitoka hapa tu, nina gari. Hao wenye nyumba sitawasumbua, nitasimama mlangoni wanionyeshe kwa mbali. Nikiiona leo, basi uongo wangu utakuwa wa saa chache tu. Nadhani Mungu anaweza kuvumilia saa chache. Shika hiki kidogo, nitafute funguo."

Akanipa kikombe, akaanza kupapasa mifuko ya ile suti.

"Mzee Wilfred, hakuna nyumba."

"Wamehama?"

"Hakuna nyumba. Haikuwahi kuwepo. Hakuna barua. Niliiandika mimi, jikoni kwangu."

Aliendelea kupapasa mfuko kama hakusikia. Akazitoa funguo, akaziangalia.

"Lakini umeandika umeishika," akasema. "Kwenye ukurasa wa mwisho."

"Ndiyo."

"Ulisema karatasi ilikuwa laini."

"Ndiyo, mzee."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, anizabe hata kofi, ningeshukuru. Alisimama tu. Nilimwona akirudi nyuma kichwani, mwaka kwa mwaka, na nilijua hasa mahali alipofika kwa sababu macho yalimjaa machozi pale. Alifika kwenye kile kitanda cha Mavis.

"Nilimsomea," akasema.

Nilikuwa bado nimekishika kikombe chake.

Akazirudisha funguo mfukoni. Akanyoosha koti lake, mabega, mikono, kama mtu anayesikia treni inakuja, kisha akageuka akarudi ndani. Nilimfuata mpaka mlangoni. Sikuvuka kizingiti.

Kesi ilipoanza tena, yeye ndiye aliyekuwa amesimama.

"Mheshimiwa, nilisema nimeiona ile barua. Sikuiona. Nilisema uongo juu ya Biblia. Hiyo pembe niliyoieleza niliiona kwenye televisheni. Naondoa ombi la kibao, na naondoka kwenye uenyekiti wa Chama. Dkt. Rudge alisema kweli, namwomba radhi."

Mmoja wa wanachama, mmoja wa wale wa keki wa tangu zamani, akasema "Aibu," polepole, na safari hii lilimlenga Mzee Wilfred.

"Kwa nini ulisema umeiona?" jaji akauliza. Hakumkemea.

"Nilitaka sana iwepo."

"Na nani alikuambia kwamba ipo, Bwana Ogden? Ni muhimu kwa mahakama kujua."

Mzee Wilfred aliyajua majibu yote mawili, la kweli na la kuniponya. Sijui ni kwa nini alihangaika kunitafutia la tatu, lisilo la uongo na lisilonitaja. Alisimama akilitafuta, uso umemwiva.

"Nilisoma mahali, Mheshimiwa," akasema. "Nilipaswa kuhakiki. Kosa ni langu."

Jaji akaandika. Akainua macho, akatazama kanisa zima taratibu, mabenchi ya kulia, mabenchi ya kushoto, mpaka nyuma mlangoni nilikosimama.

"Kuna mwingine yeyote," akauliza, "mwenye jambo la kusema?"

Akangoja. Alingoja vizuri kabisa, hakuwa na haraka. Kinywa changu kilikuwa wazi, ulimi umo, pumzi ninayo. Doreen akageuka akaniangalia. Dkt. Rudge hakugeuka. Nilikuwa nimekishika kile kikombe kwa mikono miwili, na nilikitazama kama vile nimepewa kazi ya kukilinda kisimwagike.

"Basi," jaji akasema, akafunga kitabu chake.

Watu walitoka wakimpisha mzee njia kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Alitembea peke yake katikati ya kanisa, kofia mkononi, mpaka akafika mlangoni kwangu akasimama. Nikasema jina lake. Hakukasirika, hakunikwepa. Alikichukua kikombe mikononi mwangu.

"Asante kwa kunishikia," akasema, akaenda kutafuta pa kukiosha.